Sahani inafika, lakini nani anakula? Nilivyowapima wazee wetu wa Langoni

Hapa Langoni, Lamu, tunapika chakula cha mchana cha sadaka kwa wazee, na vijana wanakipeleka kwa hotipoti, kichochoro kwa kichochoro. Niliingiwa na wasiwasi nilipoona bangili zinawapwaya kina bibi ambao hatujawahi kuwakosesha chakula. Kama sahani inafika kila siku, mwili unakwisha kwa nini?

Afisa wa lishe alinifundisha kipimo kifupi cha lishe kiitwacho MNA (Mini Nutritional Assessment), cha watu wa miaka 65 kwenda juu. Kina maswali sita. Je, miezi 3 iliyopita mzee amepunguza kula? Amekonda? Anatoka nje, au haachi kitanda? Amepatwa na ugonjwa mkali au msiba mzito? Ana usahaulifu au huzuni ya kupita kiasi? La mwisho ni uzito wake ukilinganishwa na urefu. Asiyeweza kusimama kwenye mizani hupimwa shavu la mguu kwa futi ya fundi cherehani, na likiwa chini ya sentimita 31 hapati alama hapo. Jumla ni alama 14. Kuanzia 12 yuko salama, 8 hadi 11 yumo hatarini, 7 kushuka ana utapiamlo.

Karatasi niliiacha mkobani. Nilikaa barazani, tukasalimiana, tukaulizana habari za watoto, ndipo nikauliza habari za kula. Bibi mmoja aliniambia, "Mwanangu, wewe waleta sahani moja, na humu mna vinywa vitatu." Wajukuu wakitoka chuoni na njaa, yeye huwasogezea sahani na kusema ameshiba. Kumkataza asimpe mjukuu ni kumwonea, na hata ukimkataza atampa. Tulichofanya ni kuongeza bakuli la watoto, na kijana anayepeleka chakula sasa hukaa akazungumza naye mpaka amalize kula. Mazungumzo hayo yana kazi kubwa, kwani wazee wengi wanaokula peke yao huonja tu wakafunika. Wanaoweza kutembea tumewakusanya nyumba moja, wale pamoja kwenye sinia.

Jambo la pili ni meno. Nyama ya pilau ilikuwa ikirudi nzima pembeni mwa sahani. Mzee anahitaji protini gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya mwili wake, yaani mwenye kilo 50 apate gramu 50 hadi 60 kwa siku, asije akapoteza misuli. Basi tukageukia vyakula laini: mseto wa pojo, samaki aliyechambuliwa miba ndani ya mchuzi wa nazi, mayai. Yai moja lina gramu 6 hivi. Kusi ikivuma na samaki kuadimika, wengi hukimbilia ng'onda, yaani samaki wa kukaushwa kwa chumvi, lakini chumvi yake ni hatari kwa wenye presha. Sisi tunamroweka na kumwaga maji, au tunamwacha kabisa tukapika pojo.

Wenye kisukari nao wamejinyima mno kwa hofu. Baadhi yao wameacha wali, wakaacha na mchuzi, wakabaki na chai kavu. Hao nawaombea ushauri wa afisa wa lishe, mmoja mmoja.

Mwenye alama 7 kushuka simwachii mwiko wa jikoni. Hupelekwa hospitalini, kwani kukonda kwa mzee huenda ni kifua kikuu, au dawa zinazomkata hamu, au maradhi mengine yasiyoponywa na mseto. Wengine tunawapima upya kila baada ya miezi 3.

Linaloniumiza bado ni usiku. Sahani yetu ni ya mchana, na wengi hulala na chai na kipande cha mkate. Tumeanza kuwapa unga wa mtama uliochanganywa na simsim na maziwa ya unga, wapikiwe uji jioni, tukianza na wale wenye alama za chini.