Bampa la gari la chini hung'oka wakati wa kutoka

Ukiona Toyota Mark X au Crown hapa Tanga bampa lake limefungwa kwa waya, usidhani dereva aligonga ukuta. Mara nyingi aliingia salama, akapaki pua ikiwa juu ya ukingo wa zege wa maegesho, kisha wakati wa kuondoka akaweka rivasi. Sehemu ya chini ya bampa imelalia nyuma, kwa hiyo ukiingia inateleza juu ya zege. Ukitoka inanasa kama ndoana, na kinachoachia kwanza ni klipu za pembeni, pale bampa linapokutana na madigadi.

Ajabu ni kwamba gari hilohilo lilipoingia lilipita bila hata mkwaruzo. Tofauti ni uzito: umekuja peke yako, unaondoka umepakia watu, pua imeshuka sentimita moja au mbili. Shokomzoba na springi zikiwa zimechoka, ndiyo kabisa.

Ukingo wa zege kwa kawaida huwa na kimo cha sentimita 10 hadi 15. Jaza watu kwenye gari, lisimame pahali palipo sawa, upime kutoka ardhini hadi ncha ya chini ya bampa. Ukipata pungufu ya 18, usipitishe pua juu ya ukingo wowote. Mbele ya maduka ya eneo la Ngamiani, hapa mjini, usiamini macho: mwenye duka anaweza kujimwagia zege lake, na kimo cha mlango huu si cha mlango wa pili. Masika ndiyo usiseme, maji yakijaa huoni kitu.

Wengi husubiri tairi liguse ndipo wasimame. Kutoka uso wa tairi hadi ncha ya bampa kuna kama sentimita 50 hadi 60, kwa hiyo tairi likigusa, bampa limeshapita zamani. Tafuta alama yako: mtu asimame nje akuongoze, simama sentimita 30 kabla ya ukingo, kisha tazama mstari wa ukingo upande wa kulia unakatiza wapi chini ya kioo cha pembeni. Bandika kipande kidogo cha utepe hapo. Ukisogeza kiti, alama imekufa.

Kama nafasi inaruhusu, ingia kinyumenyume. Bampa la nyuma mara nyingi liko juu zaidi. Angalia tu bomba la moshi. Bajaji ikipiga honi nyuma yako, iache ipige.

Umeshanasa? Zima gari, teremsha watu wote. Mara nyingi pua inapanda na kuachia yenyewe. Ikigoma, piga jeki pahali pake, sukumia ubao wa sentimita 3 chini ya tairi la mbele, shusha jeki, kisha rudi taratibu usukani ukiwa umenyooka, mtu akiinua bampa kwa mikono.

Baadaye kagua plastiki ya chini ya injini na waya za foglaiti. Klipu zilizokatika nunua nyingine, usimruhusu fundi aweke skrubu za mbao au waya. Klipu imetengenezwa iachie. Ukikaza kwa chuma, safari ijayo itapasuka plastiki yenyewe, na hapo unalipia kuchomelea na rangi. Bolti za spana namba 10 zipake grisi kabla ya kuzirudisha, maana upepo wa bahari hapa unazila hadi kichwa kinazunguka bure.