Tepu ya Manjano

Nimezaliwa Kibokoni, Mombasa, katika nyumba ambayo mtu akikonda huulizwa anaumwa nini. Mimi sikuwahi kuulizwa. Nikiingia harusini na dera langu, wakubwa husema, "Mashallah, umenawiri!" Nami nikiamini, kwa sababu hata kioo kilikuwa upande wao. Mpaka leo sioni haya kusema nilikuwa mzuri.

Mwaka 2018 goti la kulia likaanza kunisumbua, hasa nikishuka feri Likoni na kuukabili ule mwinuko. Nikaenda zahanati. Kijana wa pale akanitazama, akamwambia mwenzake kwa sauti, "Huyu mzani utamuweza kweli?" Benchi zima likacheka. Niligeuka nikaenda zangu. Miezi minane sikukanyaga hospitali. Goti nikawa nalisugua mafuta ya karafuu.

Mama mdogo ndiye aliyeniburura kliniki nyingine, asubuhi, sijatia kitu kinywani kwa ajili ya kipimo cha sukari. Sista alikuwa mtu mzima, mwili wake kama wangu. Mzani hakuugusa kwanza. Alichomoa tepu mfukoni, ya manjano, kama ya fundi cherehani.

"Hebu legeza leso, mwanangu. Siku hizi wafunga wapi?"

Swali lilinichoma. Leso zangu zilikuwa hazikai tena kiunoni. Nilizibana kwa pini, siri yangu mwenyewe. Tepu ikazunguka: sentimita 109.

"Mwanamke akipita 88, twaanza kuuogopea moyo, na sukari. Mafuta ya hapa," akanigusa tumbo, "yana fitina kuliko ya hapa." Akajipiga kofi la nyonga, tukacheka wote wawili.

Mzani ukasema kilo 96. Sukari 6.4; kisukari huhesabiwa kuanzia 7 mtu akiwa hajala, kwa hiyo nilikuwa barazani kwake, sijaingia ndani. Nikauliza nipunguze kilo ngapi, nikingoja aniambie 40.

"Tano, sita, tuanzie hapo. Hizo tu zaupa mwili nafuu kubwa, na goti litakushukuru. Nani kakwambia lazima uwe mwembamba?"

Hapo nikamkasirikia yule kijana upya. Miezi minane!

Nje, mama mdogo alikuwa ameshanunua mahamri na mbaazi, maana sijala. Nikachukua hamri moja, nikamrudishia mfuko. Akanikazia macho.

"Kwani wamekwambia wafa?"