Sehemu ipi kubwa? Mpeleke mtoto akaone spana

Watoto wengi ukiwauliza kati ya 1/3 na 1/4 ipi kubwa wanakwambia 1/4, si 4 inaizidi 3. Mi siwalaumu kabisa, miaka yote wamesoma namba nzima ambako 4 ndo kubwa, afu ghafla wanaletewa kiasi (namba ya juu) na asili (namba ya chini), mwalimu anakimbilia KDS (kigawe kidogo cha shirika, yani namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa asili zote) ubaoni kabla hawajaelewa kwamba asili ikiwa kubwa maana yake kitu kimekatwa vipande vingi, kwahiyo kila kipande ni kidogo.

Kama jirani na kwenu kuna gereji wanayotengeneza trekta za Massey Ferguson za zamani, mpeleke mwanao akaone spana za inchi. Hizi za milimita tulizozoea, 10, 12, 14, hazisumbui mtu. Ila za inchi zimeandikwa 3/8, 7/16, 1/2, 9/16, 5/8, 11/16, 3/4, na kwa mgeni 11/16 inaonekana ndo dude lenyewe na 1/2 ndo kadogo kuliko zote. Fundi yuko chini ya trekta, mikono yote grisi, anasema "dogo, hii nusu haiingii, nipe inayofuata", na dogo inabidi atoe 9/16 palepale, hakuna daftari wala kalamu. Akitoa 5/8 inacheza kwenye nati, ukilazimisha unakula kona zote nati inabaki duara na hapo kazi ya dakika tano imekuwa ya mchana mzima.

Sasa zigeuze zote ziwe na asili 16. 3/8 ni 6/16, 1/2 ni 8/16, 5/8 ni 10/16, 3/4 ni 12/16. Yani boksi zima ni 6, 7, 8, 9, 10, 11, 12! Zinapishana 1/16 ya inchi tu, kama milimita 1.6 hivi. Hii kitu naipenda sana, kwasababu hapo ndo mtoto anaona KDS inafanya nini, unakata kila kitu vipande vya saizi moja afu unahesabu vipande basi.

Na si kila swali linataka KDS. 3/7 na 5/9, angalia nusu: nusu ya 7 ni 3.5 kwahiyo 3 haijafika, nusu ya 9 ni 4.5 kwahiyo 5 imepita, 5/9 kubwa, umemaliza. 7/8 na 8/9 angalia kilichopungua kufika 1, huku 1/8 kule 1/9, iliyopungukiwa kidogo ndo kubwa, 8/9.

Ile njia ya kuzidisha kwa kukatisha, yani kiasi cha huku mara asili ya kule, kwa hizohizo 7/8 na 8/9: 7 mara 9 ni 63, 8 mara 8 ni 64, inatoa jibu sahihi na mtoto anapata tiki yake, ila muulize hizo 63 na 64 ni za nini uone anavyokaa kimya. Ni vipande vya 72, yani 63/72 na 64/72. Naomba walimu na wazazi tumwambie hivo mtoto kabla hajakariri.