Gitaa Moja, kutoka Bagamoyo hadi Lushoto

"Bendi iko wapi?" Hilo ndilo swali nililoulizwa zaidi katika safari hii ya kupiga gitaa peke yangu, pengine kuliko hata jina langu. Mwenye mgahawa huwa amekubali kwa simu kwamba mwanamuziki atafika Ijumaa jioni. Ameshapanga viti, ameacha nafasi ya drams na spika kubwa, kisha anaona gari dogo linasimama na mtu mmoja anashuka na gitaa kavu, spika ya kuchaji na kiti cha kukunja. Mwenyeji anasalimia vizuri na kukaribisha kama ada ya pwani ilivyo, lakini macho yake yanabaki kwenye mlango wa gari akingoja wengine washuke.

Simlaumu hata kidogo. Mkoa wa Tanga, ambako sehemu kubwa ya safari yangu ilipita, umelelewa na muziki wa vikundi. Mkonge, ulioletwa mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, ulivuta vibarua kutoka kila pembe ya nchi na hata nje ya mipaka yake, na penye vibarua wanaopokea mshahara mwisho wa mwezi hapakosi dansi. Baadaye zikavuma Atomic Jazz na Jamhuri Jazz. Ndugu wawili, Wilson na George Peter Kinyonga, walipiga Jamhuri kabla ya kuelekea Arusha na hatimaye Nairobi, ambako waliunda Simba Wanyika. Upande wa taarabu, vikundi vya Black Star na Lucky Star viliacha njia ya okestra kubwa za fidla za Unguja, vikaleta gitaa la umeme na besi, na mtindo huo wa Tanga ukasikika pwani nzima. Mtu aliyekulia katika sauti hizo husikia solo, rithim na besi kama watu watatu wanaoongea barazani, hivyo ukimletea mpigaji mmoja anahesabu kwamba umemletea theluthi ya maongezi.

Hata hivyo kuna ukoo mwingine wa gitaa, nao una heshima yake. Mwenda Jean Bosco wa Katanga, Kongo, ambaye Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika, alimrekodi mwaka 1952, alikuwa akiimba kwa Kiswahili cha kwao peke yake, dole gumba likitembea kwenye nyuzi nene huku kidole cha shahada kikicheza na nyuzi nyembamba, na msikilizaji asiyemwona angeapa kwamba wapigaji ni wawili. Nilijifunza gitaa kwa njia hiyo. Ndiyo maana nilitaka kujua kama mtu wa namna hiyo bado ana nafasi katika miji midogo ya pwani na ya misituni, ambako siku hizi shughuli huendeshwa na DJ mwenye kompyuta, au na msanii anayeimba juu ya wimbo uliokwisha kurekodiwa.

Nilianzia Bagamoyo, na huo ndio mji pekee ambako hakuna aliyeniuliza kuhusu bendi. Chuo cha Sanaa kilianza hapo mwaka 1981, nacho leo kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa), na kwa sababu ya wanafunzi na walimu wake watu wa mji wamezoea kumwona mtu mmoja amekaa chini ya mti na chombo kimoja. Tena Bagamoyo ndiko alikoishi marehemu Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma, hadi alipofariki mwaka 2003. Akiwa na ilimba yake, ala ya vipande vya chuma inayopigwa kwa vidole gumba, na ile sauti iliyokuwa ikipanda na kushuka bila taabu, alijaza kumbi za Ulaya na Marekani bila kuhitaji jeshi nyuma yake. Sikukaa sana. Pakiwa rahisi hakuna cha kusimulia.

Wengi wanaokwenda Tanga kutoka huko huitafuta barabara kuu ya Chalinze na Segera, ambayo ni lami mwanzo mwisho. Mimi nilifuata ya pwani, inayokatiza eneo la Hifadhi ya Taifa ya Saadani, ambako pori la wanyama linafika hadi ufukweni, kisha inapita Mkwaja na kutokeza Bweni, ng'ambo ya Mto Pangani. Gitaa lilisafiri kiti cha nyuma, ndani ya kasha lake, limevikwa blanketi na kufungwa mkanda, kwa kuwa mashimo ya barabara ya vumbi yanaweza kuling'oa daraja la gitaa lililogundishwa kwa gundi. Bweni nilisubiri kivuko pamoja na bodaboda, magunia ya nazi na akina mama wa samaki. Mmoja wao aliliona kasha, akauliza ni nini, na nilipomfungulia akasema, "Piga basi, mwanangu, tusikie." Nilipiga. Mto wenyewe si mpana, na beti ya pili ilinikuta nikihimizwa nirudi kwenye gari ili wa nyuma wapate kushuka.

Pangani mjini sikupata ukumbi, nami nashukuru. Niliambiwa niende kwenye kijiwe cha kahawa baada ya Isha. Jambo hili la saa ni la kuzingatia kwa yeyote anayetaka kufanya kazi katika miji hii, kwani kati ya Magharibi na Isha huanzishi kitu ambacho adhana itakuja kukikata katikati, na baada ya saa nne usiku watu wa kesho alfajiri wameshalala. Muda wako ni mfupi, basi uutumie vizuri. Wazee walikuwa wamekaa kwenye mabenchi, kahawa chungu kwenye vikombe vidogo, kashata kwenye sahani. Mmoja aliyevaa kofia ya kiua alinitazama nikitoa gitaa.

"Wenzako wako wapi, kijana?"

"Niko peke yangu, mzee wangu."

"Na besi atapiga nani?"

Nilimwonyesha dole gumba. Alicheka, akasogeza benchi karibu, na kwa wimbo mzima wa kwanza hakunitazama usoni bali alikitazama kile kidole.

Pangani ni kwao marehemu Bi Shakila binti Saidi, mwimbaji wa taarabu, na ukikaa na wazee wale kidogo unaona kwamba mji uliomtoa mwimbaji wa namna ile hauwezi kuyachukulia maneno kwa wepesi. Hawakupiga makofi katikati ya wimbo wala hawakutikisa vichwa. Walisikiliza mashairi. Nilipomaliza wimbo mmoja wa mapenzi, mzee mwingine aliyekuwa kimya muda wote alisema kwamba kipande cha mwisho cha beti ya tatu kina mizani tisa ilhali vingine vina nane. Nilimjibu kwamba sauti inaimeza ile ya tisa, kwani neno linavutwa juu ya nota moja. Mwenzake akaingia upande wangu, akasema shairi la kuimba si shairi la kusoma. Wa kwanza akamkatalia, akasema ukiruhusu moja leo kesho utaruhusu tatu. Walibishana kwa raha kuliko walivyousikiliza wimbo wenyewe, nami nikamiminiwa kahawa nyingine. Tuzo ilikuja kwa ustaarabu wa hapo: hakuna aliyesimama kunibandika noti kipajini kama kwenye harusi, ila nilipoinua kikombe changu nilikuta noti imekunjwa chini yake.

Ni pale kijiweni, baada ya ubishi ule, ambapo nilibadilisha namna ya kuufungua kila wimbo. Badala ya kuanza na beti, nilianza na kiitikio, nikakiimba pole pole mara mbili, nikanyamaza na kuacha gitaa liende peke yake hadi wao wakijaze. Wazee wale hawakuimba kwa nguvu, ila waliimba. Kuanzia hapo nilielewa kwamba anayeuliza bendi iko wapi mara nyingi anauliza nafasi yake yeye iko wapi, kwa sababu katika dansi ana nafasi ya kucheza, katika taarabu ana nafasi ya kumtunza mwimbaji kwa noti, na kwa mtu mmoja mwenye gitaa anaogopa kwamba ataachiwa kazi ya kukaa kimya tu.

Tanga mjini sitaisemea sana. Nilipiga Ngamiani, kwenye zile barabara zinazoitwa kwa namba, jioni ambayo mtaa wa pili walikuwa na shughuli ya baikoko. Asiyeijua baikoko aelewe kwamba ngoma zile zikianza, mwenye gitaa kavu hana la kufanya ila kufunga kasha na kwenda kutazama, na ndivyo nilivyofanya pamoja na wasikilizaji wangu wote. Mwenye ukumbi mwingine alinilipa nusu ya tuliyokubaliana, kwa hoja kwamba bendi nusu hulipwa nusu. Hoja hiyo ilinikera usiku ule, ila lazima nikiri kwamba imetungwa vizuri.

Kilichonisumbua zaidi pwani kilikuwa chombo chenyewe. Hewa ya bahari ina unyevu na chumvi, na vyote viwili ni maadui wa gitaa kavu. Mbao hunywa unyevu na kuvimba, uso wa gitaa unapanda kidogo, nyuzi zinainuka juu ya shingo na vidole vinalazimika kukandamiza kwa nguvu zaidi. Nyuzi za chuma nazo, zikichanganyika na jasho na chumvi, hushika kutu haraka na kupoteza ule mlio wa kengele. Nilijizoeza kuzipangusa kwa kitambaa cha pamba kila baada ya kupiga, nyuzi moja moja, juu na chini yake, na kulilaza gitaa ndani ya kasha hata kama ni kwa nusu saa. Nyuzi za akiba nilinunua Dar es Salaam kabla ya kuondoka, kwa sababu katika maduka ya miji midogo mara nyingi unapata za gitaa la umeme au hupati kabisa.

Muheza nilisimama kununua machungwa, kisha nikaiacha lami na kupanda Amani, katika Milima ya Usambara Mashariki. Barabara inapita mashamba ya mdalasini, iliki na pilipili manga, inafuata Mto Sigi, halafu inaingia kwenye msitu ambao miti yake inafunga mwanga mchana kweupe. Wajerumani walianzisha kituo chao cha utafiti wa kilimo hapo mwaka 1902, wakapanda miti kutoka kila bara, na mingi ingali imesimama. Mvua ya huko inakaribia milimita 2,000 kwa mwaka. Nilipiga kwenye kibaraza cha duka, wasikilizaji wakiwa wafanyakazi wa mashamba ya chai, vijana wanaoongoza watalii na watoto wengi kuliko watu wazima. Umeme ulikuwa umekatika na spika nilishaitumia hadi ikazima, kwa hiyo lilibaki gitaa na koo.

Wapinzani wangu huko walikuwa vyura. Milima ya Usambara Mashariki ina aina za vyura ambazo watu husafiri kutoka mbali kuja kuwaona, na baada ya mvua wanaanza kwa pamoja na kunyamaza kwa pamoja kana kwamba kuna anayewapa ishara. Nilijaribu kuwashinda kwa kupiga kwa nguvu, nikaona haiwezekani. Kijana mmoja wa pale akaniambia, "Kaka, wasubiri tu, watanyamaza." Basi nikawa napiga kiitikio wanapoimba na kuimba beti wanaponyamaza, na watoto wakaifanya kuwa mchezo, kila vyura waliponyamaza, wao ndio walionipa amri ya kuanza.

Kutoka Mombo, kwenye joto la uwanda, hadi Lushoto ni kilomita 33 za kona, ukipita Soni na maporomoko yake, na gitaa lililotyuniwa chini halifiki juu likiwa vile vile, kwani baridi inazikaza nyuzi na sauti yote inapanda. Nilifika Lushoto siku ya soko, magari yakishushwa karoti, kabichi na maplamu. Huku milimani ndiko nilikopata wasikilizaji nisiowatarajia. Nilitoa kiitikio changu kwa sauti moja, nikarudishiwa kwa sauti nne: mama mmoja muuza matunda alichukua ya pili bila kuombwa, vijana wawili wakaingia na sauti ya tena (tenor), na fundi cherehani aliyekuwa ameketi mbali na mashine yake akashuka kwenye besi. Lushoto ni makao ya dayosisi ya Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania (KKKT), na mtu aliyekulia kwenye kwaya hutafuta sauti yake kama mwingine anavyotafuta kiti. Waliolelewa kwenye kaswida nao walikuwemo, wakikazia mwisho wa kila mstari kwa namna yao. Dole gumba langu likapumzika, kwa kuwa besi ilikuwa na mwenyewe.

Hesabu ya fedha, kwa wanaoniuliza: mafuta ya gari yalirudi, gesti na chakula vilirudi kwa shida, nyuzi hazikurudi. Kabla ya kupiga mahali pa wazi, pitia kwa afisa utamaduni wa wilaya; mbali na kibali, yeye ndiye anayejua nani ana kibaraza kizuri na siku gani kuna gulio. Usikubali malipo ya baada ya kazi bila kupewa walau nusu mkononi, na hapo atakayetaka kukulipa bendi nusu atakuwa ameshalipa.

Masika yakiisha nataka kwenda kusini, Kilwa hadi Lindi, nchi ya mpingo, mti ambao kiini chake cheusi hutengenezwa zumari na klarineti zinazopigwa katika okestra za Ulaya. Aliyeko Kilwa Masoko, Nangurukuru au Mchinga, mwenye baraza, kibanda cha kahawa au hata mwembe wenye kivuli, aniandikie. Umeme si lazima.