Kutoka kurasa 280 hadi 10: nilivyoiandaa tasnifu yangu kwa ajili ya tuzo

Tuzo ya tasnifu bora ya uzamivu katika utafiti wa mahusiano baina ya tamaduni hushindaniwa kwanza kwa muhtasari. Tasnifu nzima huja baadaye, ikiwa muhtasari umewashawishi waamuzi kuifungua. Kwa hiyo kazi kubwa niliiweka kwenye zile kurasa 10.

Tangazo nililisoma nikitafuta mambo manne: kipindi ambacho tasnifu ilipaswa kuwa imetetewa, lugha inayokubaliwa, ukomo wa maneno, na kama jina la mwandishi lifichwe. La kwanza ndilo huwaangusha watu. Kinachohesabiwa kinaweza kuwa siku ya utetezi au siku ya kutunukiwa shahada, na kati ya hizo mbili huweza kupita miezi mingi.

Rasimu ya kwanza niliipata kwa kufupisha sura moja baada ya nyingine. Haikufaa. Mapitio ya maandiko yalikula kurasa 4 na matokeo yakabaki na moja. Nikaanza upya kwa kuandika dai langu kuu kwa sentensi mbili, kisha nikagawa nafasi: swali na pengo ukurasa 1 na nusu, nadharia 1, mbinu 3, matokeo 3, mchango 1 na nusu.

Mbinu nilizipa kurasa 3 kwa makusudi. Mwamuzi wa fani hii anapoona makundi mawili yamelinganishwa, huuliza kwanza: je, watu wa pande zote mbili waliyaelewa maswali kwa namna moja? Tafsiri rejeshi, ambayo Richard Brislin aliieleza mwaka 1970, ni mwanzo tu. Mtafsiri wa pili asiyeona hojaji ya awali huirudisha tafsiri kwenye lugha iliyotumika mwanzo, kisha hojaji ya awali na hiyo iliyorudishwa zinalinganishwa. Tatizo ni kwamba mtafsiri hodari hubahatisha asili ilivyokuwa, hivyo tafsiri mbovu hurudi ikiwa safi. Niliongeza mahojiano na watu 8 kwa kila lugha, wakaeleza kila kauli ya hojaji kwa maneno yao. Kauli kuhusu kujitegemea iliwakilisha kipato upande mmoja, na upande wa pili ikamaanisha kukosa ndugu wa kukusaidia. Hakuna hesabu ya baadaye ambayo ingetibu hilo, nikaiondoa.

Baada ya hapo ndipo ulinganifu wa vipimo, yaani kukagua kitakwimu kama hojaji inapima kitu kilekile kwa namna ileile katika makundi yote mawili, kwa hatua tatu: umbo la modeli (kauli zipi zinakwenda pamoja), kisha mizigo ya kauli (nguvu ya uhusiano wa kila kauli na kinachopimwa), kisha vianzio (kiwango ambacho majibu ya kila kauli huanzia). Hatua ya pili ikishikilia, unaweza kulinganisha uhusiano wa vigeu. Wastani wa makundi unahitaji ya tatu. Kigezo nilichofuata ni cha Cheung na Rensvold wa mwaka 2002: CFI, kipimo cha jinsi modeli inavyoendana na data, isishuke zaidi ya 0.01 kutoka hatua moja hadi nyingine. Yangu ilishuka 0.024 kwenye vianzio. Nililegeza kauli 2 kati ya 12, yaani niliruhusu vianzio vyake vitofautiane baina ya makundi, mshuko ukawa 0.007, na nikaandika wazi kwamba ulinganifu ni wa sehemu, nikizitaja kauli zenyewe. Kuficha hapo ni hatari, kwa sababu mwamuzi anayeijua kazi hii huitafuta namba hiyo kabla ya kusoma matokeo.

Sampuli zangu zilikuwa 412 na 187. Tofauti kubwa ya ukubwa inaweza kufunika kasoro za ulinganifu, kwa hiyo nilichota watu 187 kwa nasibu kutoka kundi kubwa, nikarudia jaribio mara 100. Sentensi moja kwenye muhtasari ilitosha kulieleza hilo.

Kwenye matokeo nilijizuia kusema «utamaduni ndio sababu» kwa kuwa tu makundi yalitoka nchi mbili. Umri, elimu na maisha ya mjini vinaweza kuzaa tofauti ileile. Ukidai ni thamani za kitamaduni, pima thamani hizo na uoneshe kwamba tofauti ya makundi inapitia kwazo. Vivyo hivyo kwa wanaotumia modeli ya mwanasaikolojia John Berry kuhusu jinsi wahamiaji wanavyoishi kati ya utamaduni wao na wa jamii mpya: kuwapanga wahamiaji katika mikakati minne na kuishia hapo ni nusu ya kazi, maana Berry mwenyewe aliyaweka pia matarajio ya jamii inayowapokea.

Barua ya mapendekezo huharibika inapojaa sifa za tabia. Wiki 4 kabla ya mwisho nilimpa msimamizi wangu ukurasa mmoja unaoonesha kipi nilikibuni mwenyewe na kipi kilitoka kwenye mradi mkubwa tuliokuwa nao. Waamuzi wanahitaji kujua mpaka huo, na ni yeye anayeweza kuuthibitisha.

Kuficha jina nilikufanya mwisho. Kulifuta kwenye jalada hakutoshi: lilikuwa pia kwenye shukrani, kwenye kibali cha maadili chenye jina la chuo, kwenye sentensi za «kama nilivyoonesha awali», na kwenye taarifa za ndani za faili la PDF. Hizo za ndani nilizikuta baada ya kufungua sifa za faili, dakika chache kabla ya kulituma.