Vibanio vitano na nomino za Kiklingoni

Nafundisha Kiswahili hapa Arua, Uganda. Kwa miezi mitatu jioni zangu zilikuwa za Kiklingoni, lugha ambayo mwanaisimu wa Marekani Marc Okrand aliitunga kwa ajili ya filamu za Star Trek. Kamusi yake ilitoka 1985. Matamshi yalinitesa wiki chache tu. Kilichonishinda kwa muda mrefu ni kirai nomino, yaani nomino pamoja na maneno yanayoandamana nayo.

Kosa langu lilikuwa kutafuta ngeli. Sisi tukiona nomino, twauliza kwanza upatanisho wake. Kiklingoni hakina ngeli: Duj tIn ni chombo kikubwa, Dujmey tIn ni vyombo vikubwa, na neno la ukubwa limebaki vilevile. Wingi wenyewe hutegemea kitu. Wenye uwezo wa kusema huchukua -pu', viungo vya mwili -Du', vingine vyote -mey. Kwetu mbuzi anakula kama mtoto anavyokula, wote A-WA. Kule mnyama hahesabiwi pamoja na wenye kusema.

Kinachotawala ni foleni. Viambishi vya nomino huja nyuma ya mzizi katika makundi matano: ukubwa au udogo, kisha wingi, kisha uhakika wa msemaji juu ya jina alilotumia, kisha umiliki au uonyeshi, na mwisho kazi ya nomino kwenye sentensi, kama mahali au sababu. Nilikariri orodha hiyo nikaisahau mara nyingi. Mwishowe nikanunua sokoni vibanio vya nguo vya rangi tano, nikafunga kamba dirishani, nikakata karatasi za manila za kuandikia viambishi. Rangi moja, kundi moja.

Neno lililonifungua macho ni QaghHommeyHeylIjmo'. Qagh ni kosa, Hom udogo, mey wingi, Hey yaonekana ndivyo, lIj yako, mo' kwa sababu ya. Vibanio vyote vitano vilikuwa kazini: kwa sababu ya yale yanayoonekana kuwa makosa yako madogo. Nilipolitazama likining'inia pale nikaona ni kitenzi cha Kiswahili kilichogeuzwa. Atakisoma: nafsi, wakati, mtendwa, mzizi. Hakuna mtoto wa Kiswahili anayesema "taakisoma". Foleni nilikuwa nayo mdomoni tangu utotoni, ila kwenye vitenzi na mbele ya mzizi.

Siku moja nilitaka kusema "kisu changu hiki". Taj ni kisu, -wIj changu, -vam hiki. Mpwa wangu wa miaka tisa, aliyekuwa akinishikia karatasi, akasema, "Mjomba, zote mbili ni za kijani. Kibanio kimoja hakishiki mbili." Alikuwa sahihi kabisa. Umiliki na uonyeshi ni kundi moja, kwa hiyo nomino hubeba kimoja tu: tajwIj au tajvam.

Mwenye kitu hutangulia bila kiunganishi chochote: HoD taj, kisu cha nahodha. Idadi nayo hutangulia, wej taj, visu vitatu. Hayo nilizoea haraka.

Mahali ndipo nilipokaa zaidi. Veng ni mji, vengDaq mjini, nami nikaandika daftari zima vengDaq tIn nikidhani ni "katika mji mkubwa". Sivyo. Sifa ikifuata nomino, kiambishi cha kundi la tano huhamia kwenye sifa: veng tInDaq. Kiswahili nacho kina ugumu papo hapo, maana hatusemi "mjini mkubwa". Twaiacha -ni na kuleta katika. Nilipowaza hivyo, kosa likakoma.

Juzi nilitundika bila kufungua daftari: juHwIj machDaq, katika nyumba yangu ndogo. Mpwa wangu akapita na kidole kambani. Kijani cha umiliki kwenye nyumba, chekundu cha mahali kwenye neno la udogo. "Sawa, Mjomba," akasema, akaomba avirudishe vibanio kwenye nguo.