Mizani Haioni Misuli

Kuna watu wakimwona Popo huniuliza kama namlisha kweli. Ni mbwa jike, ameshazeeka, kiuno chake kinaonekana na mbavu mbili za mwisho hujitokeza akijigeuza. Anakula vizuri tu. Ila tumewazoea mno mbwa wanene, mpaka mwenye umbo lake la kawaida anaonekana mgonjwa.

Macho peke yake siyaamini, hasa kwa mbwa mwenye manyoya mengi. Kunja ngumi, kisha pitisha vidole vya mkono wa pili juu ya vifundo: mbavu za mbwa zikiwa hivyo, amekonda. Fungua kiganja ubonyeze pale penye nyama chini ya kidole gumba: ikibidi ubonyeze hivyo ndipo uupate ubavu, amenenepa. Sasa nyoosha mkono, upapase mgongo wa kiganja. Hapo ndipo tunapotaka. Madaktari wa mifugo huupima mwili kwa alama 1 (amekonda mno) hadi 9 (amenenepa mno), na kwa mbwa wengi nzuri ni 4 au 5. Greyhound, mbwa wa mbio, mbavu zake zikionekana usishtuke, ndivyo alivyoumbwa.

Wembamba huo una faida. Utafiti uliochapishwa mwaka 2002 uliwafuatilia mbwa 48 wa aina ya Labrador maisha yao yote. Waliopewa chakula pungufu kwa robo waliwazidi wenzao umri kwa karibu miaka 2.

Lakini mafuta ni jambo moja na misuli ni jambo lingine, na hapo ndipo wengi tunapopitwa. Kwenye mizani Popo hakupungua hata kidogo, na mbavu zake zilikuwa na mafuta yaleyale. Nilipopitisha vidole pembeni mwa uti wa mgongo, ndipo nikakuta vibonde ambavyo havikuwapo. Mifupa ya nyonga imechongoka. Juu ya macho, kwenye kichwa, pamebonyea. Paja la kushoto jembamba kuliko la kulia.

Daktari alimkunja na kumkunjua miguu, akasema kiungo cha nyonga ya kushoto kinamuuma, kwa hiyo anaegemea upande wa pili. Mbwa anaweza kupoteza misuli kwa uzee tu, kwa maumivu kama haya, au kwa maradhi ya moyo, figo na saratani. Tumbo likining'inia huku mgongo unasinyaa, mtu atasema amenenepa, kumbe huenda ni ugonjwa wa Cushing, yaani homoni ya kotisoli kuzidi mwilini. Ukimpunguzia chakula mbwa wa namna hiyo kabla hajapimwa, unaweza kummalizia na misuli iliyobaki.

Popo sasa anapewa dawa ya maumivu na matembezi mafupi ya mara kwa mara. Kila mwezi namsimamisha kwa miguu yote minne, nampapasa kuanzia kichwani, mabegani, mgongoni, mwisho nyonga. Nyonga hapendi kabisa kuguswa, kwa hiyo paja la kushoto nalipima upesi kabla hajakaa kitako.